Ramani Inawaka Nyekundu, Lakini Nani Atasaini Mafuta ya Gari?

Leo naacha kidogo habari za seva na misimbo, niandike jambo ambalo limenikaa rohoni kwa muda mrefu.

Miaka kadhaa iliyopita, mimi na mwenzangu tulipewa kazi ya kutengeneza mfumo wa kupokea taarifa za mafuriko kwa arafa. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Wazee wa vijiji na wahudumu wa afya wa kujitolea wangetuma ujumbe kwa nambari moja. Programu yetu ingeusoma ujumbe, iuweke kwenye hifadhidata, kisha ichore alama nyekundu kwenye ramani. Siku ya uzinduzi tulipigiwa makofi. Kulikuwa na skrini kubwa ukutani, chai na mandazi, na mkubwa mmoja akasimama kusema kwamba sasa tumeingia karne ya ishirini na moja.

Mvua ikaja. Jumamosi moja, saa mbili za usiku, jumbe zikaanza kuingia: mto umepanda, maji yamefika zizini, daraja la miguu limekwenda. Kufikia saa sita usiku zilikuwa 31. Seva haikuanguka hata mara moja. Alama nyekundu zilijipanga kando ya mto kama mchoro wa kitabu cha jiografia. Jumatatu asubuhi karani akafungua ofisi, akawasha ile skrini kubwa, akaziona. Wakati huo kuna familia iliyokuwa imelala usiku mbili juu ya paa la shule, na mbuzi wao wote wamechukuliwa na maji. Hakuna aliyekufa, namshukuru Mungu, lakini programu yangu haikuchangia lolote katika hilo.

Nilipouliza kwa nini hakuna aliyechukua hatua, afisa mmoja mzee alinijibu kwa upole: "Kijana wangu, hata kama tungeziona hiyo Jumamosi, nani angesaini mafuta ya gari?"

Hati yetu ya mradi ilikuwa na kurasa nyingi sana. Iliorodhesha aina za simu, rangi za alama na nywila zitabadilishwa baada ya siku ngapi. Swali la mafuta ya gari halikuwemo. Hatukuwa tumeuliza.

Sasa, sisi Wakenya tuna haki ya kujivunia katika uwanja huu. Ghasia zilipozuka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wanablogu na wanaprogramu wakiwemo Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia waliunda Ushahidi ndani ya siku chache mwezi Januari 2008. Mtu yeyote mwenye rununu au intaneti angeweza kueleza alichokiona, na tukio likawekwa kwenye ramani. Miaka miwili baadaye, tarehe 12 Januari 2010, tetemeko la kipimo cha 7.0 liliibomoa Port-au-Prince, na programu hiyo iliyozaliwa huku kwetu ikatumika Haiti. Watu waliofukiwa na vifusi au kukosa maji walituma arafa kwa nambari 4636. Wahaiti wanaoishi ng'ambo walitafsiri jumbe za Kikrioli usiku na mchana, na wanafunzi wa kujitolea huko Marekani wakaziweka kwenye ramani. Wakati huohuo watu wa OpenStreetMap walichora mitaa ya jiji lile kutoka picha za setilaiti, hata waokoaji wakawa na ramani ambayo siku chache kabla yake haikuwepo.

Nikiisoma hadithi hiyo bado nasisimka. Lakini iko sehemu yake ya pili ambayo sisi watu wa kompyuta huiruka. Mwaka 2011 ilitoka ripoti ya Disaster Relief 2.0, utafiti wake ukiwa umefanywa na Harvard Humanitarian Initiative. Ilionyesha kwamba mashirika makubwa ya misaada hayakuwa na njia rasmi ya kupokea kazi ya wale wa kujitolea. Mratibu wa misaada hufanya kazi kwa jedwali: eneo gani, watu wangapi, wanakosa nini, nani tayari yuko pale. Sisi tulimletea maelfu ya vilio vya mtu mmoja mmoja, kila kimoja cha kweli, wakati tayari kisanduku chake cha barua pepe kimefurika. Tulidhani tunamtoa gizani, kumbe kwa upande wake tulikuwa tunamwongezea mzigo.

Utasema, hiyo ilikuwa dharura ya ghafla, dunia ilitikisika kwa sekunde chache tu. Haya, tuchukue janga la polepole, la hapa jirani. Kuanzia Agosti 2010, FEWS NET, mtandao wa kutoa tahadhari za njaa, ulianza kuonya kwamba hali ya La Niña ingeleta ukame katika Pembe ya Afrika. Onyo halikuwa moja. Yalifuatana mwezi baada ya mwezi, yakiwa na ramani, bei za mahindi na hali ya mifugo. Umoja wa Mataifa ulitangaza njaa kusini mwa Somalia tarehe 20 Julai 2011. Utafiti uliotolewa 2013 ulikadiria kwamba watu wapatao 258,000 walikufa kati ya Oktoba 2010 na Aprili 2012, na zaidi ya nusu yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Hebu soma tena tarehe hizo. Kutoka Agosti hadi Julai ni miezi kumi na moja. Vita na vizuizi vya kufika kwa wenye njaa vilichangia sana, sikatai. Lakini hakuna anayeweza kusema kwamba habari zilikosekana. Hata hapa Kenya, kampeni ya Kenyans for Kenya ilianza mwishoni mwa Julai 2011, baada ya picha za Turkana kujaa kwenye televisheni. Tulitoa kwa M-PESA, tukapita shilingi milioni 500, na kila aliyetoa alifanya jambo jema. Ila tujiulize, kwa nini ilibidi tuone mifupa ya mtoto kwenye skrini ndipo tuamini takwimu za mwaka uliotangulia?

Jibu langu ni hili: onyo lisilofungwa kwenye uamuzi hubaki maoni tu. Kiongozi akipewa ramani ya rangi ya chungwa huwa na sababu nyingi za kusubiri. Utabiri unaweza kukosea. Akitumia fedha na mvua ikanyesha vizuri, ataulizwa alizipeleka wapi. Akisubiri na watu wakafa, lawama itagawanywa kwa wote, na mvua nayo itapewa sehemu yake. Kwa hiyo anaomba takwimu zaidi. Nasi watengenezaji programu, kwa furaha kabisa, tunamletea.

Dawa ipo, na imeshajaribiwa papa hapa. Mpango wa fedha za kupambana na njaa, HSNP, ulikuwa ukihudumia kaunti za Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera. Kaya ziliandikishwa mapema na akaunti za benki zikafunguliwa mapema. Setilaiti hupima ukijani wa mimea, na kipimo kikishuka chini ya kiwango kilichokubaliwa, kaya za ziada hutumiwa fedha. Utaratibu huo wa kuongeza kaya wakati wa ukame ulianza kutumika 2015. Fedha zikikosekana kwenye mfuko au zikichelewa, kanuni haina meno, hilo najua. Lakini angalia kilichobadilika: mabishano yalifanyika wakati nyasi bado ziko. Ukame ukija, swali limebaki moja tu, kipimo kimeshuka au hakijashuka.

Mfano mwingine hauna teknolojia ya kuringia hata kidogo. Novemba 1970 kimbunga kiliua watu wasiopungua 300,000 katika nchi ambayo sasa ni Bangladesh. Kimbunga kilikuwa kimeonekana kikija, ila onyo halikuwafikia wengi kwa namna ya kuwafanya wahame. Baadaye nchi hiyo iliunda mpango wa kujiandaa kwa vimbunga, wenye maelfu ya watu wa kujitolea vijijini, vipaza sauti, na bendera: moja, mbili, au tatu kulingana na hatari. Mwanakijiji hahitaji kusoma ramani ya upepo. Anajua bendera tatu maana yake ni kubeba watoto na kwenda kwenye jengo la kimbilio, na anajua jengo liko wapi. Kimbunga Amphan kilipokuja Mei 2020, watu zaidi ya milioni mbili walihamishwa nchini humo, na waliokufa walihesabiwa kwa makumi.

Turudi nyumbani. Usiku wa kuamkia 29 Aprili 2024, maji yaliteremka Mai Mahiu na kuua watu zaidi ya 40. Kwanza tuliambiwa bwawa limepasuka. Baadaye ikaelezwa kwamba maji yalikuwa yamekusanyika nyuma ya tuta la reli, njia yake ikiwa imezibwa na takataka. Siku chache baada ya hapo, serikali ilitaja mabwawa na hifadhi za maji 178 na kuwapa waliokaa karibu saa 24 kuhama. Nilipoiona orodha ile sikuwaza kuhusu programu yoyote. Niliwaza kwamba mabwawa hayakujengwa wiki ile. Orodha ingeweza kuandikwa Februari kwenye karatasi, ikaonyesha nani ana ufunguo, nani anakagua mifereji, na maji yakifika wapi chifu atapiga filimbi bila kusubiri simu kutoka Nairobi.

Sisemi tuache kutengeneza programu. Mimi mwenyewe ndiyo riziki yangu. Wako watakaoniambia kwamba kanuni iliyowekwa mapema inaweza kukosea, na binadamu aliye pale ana busara kuliko kipimo. Ni kweli. Ndiyo maana kanuni iseme pia nani ana ruhusa ya kuivunja, na aandike sababu yake. Lakini kati ya kuhamisha watu mara moja bure na kuwahamisha wakiwa wamechelewa, mimi najua ninalochagua.

Basi siku hizi mteja akiniita kuhusu mfumo wa dharura, sianzi na rangi za ramani. Namuuliza maswali manne. Ujumbe ukiingia saa nane za usiku Jumapili, simu ya nani italia? Mtu huyo ana ruhusa ya kufanya nini bila kumwamsha mkubwa wake? Fedha ziko kwenye akaunti gani, na nani anasaini? Na yule aliyetuma taarifa, atajibiwa nini ili kesho atume tena?

Wateja wawili walikasirika wakasema hayo si mambo ya fundi wa kompyuta. Mmoja alikaa kimya, akaita wenzake, wakabishana mchana kutwa mbele yangu. Mwisho wakakubaliana kwamba ofisa wa zamu anaweza kutoa gari na mafuta peke yake, akajieleza kesho yake. Wakaandika, wakapiga muhuri. Siku ile sikuandika hata mstari mmoja wa msimbo, na nadhani ndiyo kazi bora niliyowahi kufanya katika fani hii.

Wewe unayetengeneza mifumo kama hii, au unayeishi kando ya mto, unajua simu ya nani italia? Niandikie hapa chini. Kama hujui, uliza kabla mvua haijaanza.