Askari Polisi: Nani Atamsemea?

Ni vigumu mtu kuizunguka Kariakoo bila ya kukutana na askari polisi. Kituo cha Msimbazi kipo ndani ya eneo hilo, na kutoka hapo hadi Mnazi Mmoja, Gerezani na Mtaa wa Kongo, askari huonekana tangu alfajiri hadi usiku akilinda maduka, mabenki, maghala na wapita njia. Mali inayopita mbele ya macho yake kwa siku moja ni nyingi kuliko atakayoipata katika umri wake wote wa utumishi. Pamoja na hayo, ni nadra katika misikiti yetu kumsikia khatibu au muumini akimtaja askari huyo isipokuwa kwa lawama.

Hatusemi kwamba lawama hizo hazina msingi. Waislamu wa Dar es Salaam hawajaisahau Februari 1998, pale watu walipopigwa risasi na kuuawa Mwembechai. Wala hawajausahau mwezi Oktoba 2012, mabomu ya machozi yalipofyatuliwa Kariakoo baada ya Swala ya Ijumaa. Wakazi wote wa jiji, wa dini zote, wanakumbuka Januari 2006, wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge pamoja na dereva wao wa teksi walipokamatwa Sinza wakauawa katika msitu wa Pande. Na baada ya uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 damu ilimwagika tena katika jiji hili, ikatangazwa amri ya kutotoka nje usiku, na mwezi uliofuata ikaundwa tume ya uchunguzi. Haki za waliodhulumiwa hazifutiki kwa kunyamaziwa, na wala makala haya hayakukusudia kuzifuta.

Hata hivyo, uadilifu unatutaka tulitazame jambo kwa pande zake zote. Mwenyezi Mungu ametuamrisha kusimamisha haki hata kwa watu tunaowachukia, sembuse kwa vijana waliozaliwa na kulelewa katika mitaa yetu wenyewe. Huyu tuliyemkabidhi bunduki na amana ya usalama wetu, je, naye amepewa haki yake? Na kama hakupewa, ni nani atakayemsemea?

ASIYERUHUSIWA KUSEMA

Mwalimu akidhulumiwa mshahara wake ana chama cha kumtetea. Mfanyabiashara wa Kariakoo naye ana njia yake. Mwezi Mei 2023 wenye maduka walifunga milango kwa siku kadhaa wakilalamikia kamatakamata ya kikosi kazi cha Mamlaka ya Mapato. Waziri Mkuu wa wakati huo, Ndugu Kassim Majaliwa, alikwenda mwenyewe Mnazi Mmoja kuwasikiliza, na kikosi kazi kile kikasimamishwa. Juni 2024 maduka yalifungwa tena, na Serikali ikakaa nao tena mezani.

Askari polisi hana mlango wa namna hiyo. Ibara ya 147 ya Katiba inamkataza kujiunga na chama cha siasa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ambayo ndiyo ngao ya wafanyakazi wengi, imeliweka Jeshi la Polisi nje ya matumizi yake. Hana chama cha wafanyakazi na wala hana mgomo. Akilalamika hadharani juu ya mkubwa wake, huyo ameingia katika kosa la kinidhamu.

Hatudai kwamba askari apewe ruhusa ya kugoma. Soko la Kariakoo likikosa ulinzi kwa usiku mmoja tu, kila mwenye duka anajua atakachokikuta asubuhi. Hoja yetu ni kwamba, mtu akizuiwa na sheria kujisemea kwa maslahi ya watu wote, basi wajibu wa kumsemea unawaangukia watu hao wote. Katika wajibu huo sisi tumezembea.

MASHAKA YA KAZI YENYEWE

Wapo askari waishio katika vyumba vya kupanga huko Mbagala, Gongo la Mboto na Chanika, kwa sababu nyumba za Jeshi hazitoshi. Askari wa namna hiyo humaliza lindo la usiku mjini kisha akaanza safari ya daladala kurudi nyumbani, na huko uswahilini anapanga mlango mmoja na mtu ambaye huenda kesho ataamriwa kumkamata. Je, tunatarajia asimame imara mbele ya jirani huyo, ilhali mke na watoto wake wanabaki na jirani huyohuyo pale yeye akiwa kazini?

Kisha kuna suala la vyeo. Konstebo hutarajia kuwa koplo, koplo kuwa sajenti, na wachache kuifikia ngazi ya ukaguzi. Lakini ni kilio cha muda mrefu kwamba wapo wanaokaa na cheo kilekile miaka mingi, na wapo waliojisomesha kwa fedha zao wakapata shahada ambazo hazikubadilisha chochote katika utumishi wao. Upandishaji wa vyeo usipokuwa na vigezo vinavyoonekana na kila mtu, askari hujifunza somo baya, nalo ni kwamba bidii si njia na kujuana ndiyo njia.

Mwisho wa utumishi nao una mashaka yake. Kikokotoo cha mafao kimewahangaisha watumishi wa umma kwa miaka kadhaa. Malipo ya mkupuo yaliyokuwa asilimia 50 kwa watumishi wengi yalishushwa mwaka 2022 hadi 33, kisha mwaka 2024 yakapandishwa hadi 40. Kwa mtu ambaye hakuweza kujenga nyumba akiwa kazini, mkupuo huo ndio tegemeo lake la kupata paa la kumsitiri uzeeni.

Juu ya yote hayo ipo hatari ya kifo. Julai 2015 kituo cha Stakishari, Ukonga, kilivamiwa usiku, askari wanne wakauawa na silaha zikaporwa. Agosti 2016 askari wengine wanne waliuawa Mbande walipokuwa katika kazi ya kulinda benki. Aprili 2017 askari wanane waliuawa kwa pamoja huko Kibiti. Agosti 2021 watatu walipigwa risasi hapa hapa Dar es Salaam karibu na ubalozi wa Ufaransa, pamoja na mlinzi wa kampuni binafsi. Kila mmoja wao alikuwa mtoto wa mtu. Wangapi kati yetu tuliuliza habari za wajane na mayatima wao?

Aidha, askari hubebeshwa lawama za maamuzi asiyoyafanya. Wamachinga walipoondolewa barabarani Oktoba 2021, uamuzi haukutolewa katika kituo cha Msimbazi. Lakini mama aliyepoteza meza yake ya biashara hakumwona kiongozi aliyetoa amri. Alichokiona ni sare na virungu, na hasira yake ikabaki hapo.

MAFUNDISHO YA MTUME (S.A.W.) JUU YA MTUMISHI WA UMMA

Katika Sunan ya Abu Dawud imo Hadithi iliyopokewa kwa Mustawrid bin Shaddad (r.a.), ambayo maana yake ni kwamba anayeajiriwa katika kazi ya umma, kama hana mke apewe uwezo wa kuoa, kama hana mtumishi apate mtumishi, na kama hana makazi apate makazi. Kisha ikaelezwa kwamba atakayejichukulia zaidi ya hapo ni khaini au mwizi.

Tuuzingatie mpangilio wa mafundisho hayo. Makazi na utulivu wa familia vimetangulia, na hukumu ya khiyana imefuata. Anayemnyima mtumishi makazi kisha akamngoja kwa adhabu ameshika nusu ya Hadithi. Na mtumishi anayedai makazi ilhali mkono wake umo katika mifuko ya watu, naye ameshika nusu yake. Sayyidna Umar (r.a.) alizishika zote mbili. Aliwawekea watumishi wa dola posho zao, na wakati huohuo akiandikisha mali za magavana wake kabla ya kuwatuma, ili ijulikane waliondoka na nini na wamerudi na nini.

UFUKARA HAUHALALISHI RUSHWA

Tume ya Rais iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba ilipotoa ripoti yake mwaka 1996, ilitofautisha wala rushwa wa aina mbili: wanaopokea kwa sababu kipato hakiwatoshi, na wanaopokea kwa tamaa ya kujilimbikizia. Tofauti hiyo ina maana katika kutafuta tiba, kwani wa kwanza anahitaji kuongezewa kipato na wa pili anahitaji gereza. Lakini katika hukumu ya halali na haramu wote wawili wamekula cha haramu.

Mtume (s.a.w.) alimtuma mtu kukusanya zaka. Aliporudi, akagawa mafungu mawili na kusema kwamba hili ni lenu na hili nimepewa zawadi mimi. Mtume (s.a.w.) alipanda juu ya mimbari akahoji mbele ya watu, kama mtu huyo angalikaa nyumbani kwa baba yake au mama yake, je, zawadi hizo zingalimfuata huko? Kila askari Muislamu na ajiulize swali hilo anapopewa "ya chai" katika Mtaa wa Aggrey. Angalikuwa hana sare, angalipewa?

Na rushwa ndogo haibaki ndogo. Anayezoea kuuza dhamana, ambayo kisheria haina malipo, siku moja atauza jalada la kesi, na mwisho wake atauza roho ya mtu. Wale waliouawa Pande walitangazwa kwanza kuwa ni majambazi, mpaka tume ya Jaji Kipenka ilipobainisha kwamba hawakuwa hivyo. Ilichukua hadi Septemba 2016 kwa Mahakama ya Rufani kumtia hatiani ofisa mmoja wa polisi. Miaka kumi ya kusubiri haki ni mingi kwa familia zilizofiwa, na ni aibu kwa askari waaminifu waliokuwa wakivaa sare ileile.

MTOAJI NAYE NI MSHIRIKA

Hapa tunapenda kuwageukia ndugu zetu wafanyabiashara, wengi wao ni wenye kuswali nasi safu moja. Mtume (s.a.w.) amemlaani mtoaji wa rushwa pamoja na mpokeaji. Ni nani humpa askari fedha ili gari lishushe mzigo mahali palipokatazwa? Ni nani mwenye deni lake mtaani ambaye, badala ya kwenda mahakamani kufungua shauri la madai, humlipa askari amkamate mdaiwa na kumlaza mahabusu mpaka ndugu zake wachange? Deni si jinai. Sheria inataka aliyekamatwa kwa kosa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au apewe dhamana. Tajiri anayelipa ili mwenzake alale ndani kwa ajili ya deni amemnunua askari kwa siku moja, na asishangae kesho askari huyohuyo akinunuliwa na mwenye fedha nyingi kuliko yeye. Hatuwezi kumharibu mlinzi mchana kisha tukalalamika usiku kwamba tumekosa ulinzi.

NINI KIFANYIKE

Kwanza, Serikali iyatekeleze kwa vitendo mapendekezo ya Tume ya Haki Jinai, iliyoundwa Januari 2023 chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman na kukabidhi ripoti yake Julai mwaka huo. Ni mwanasheria huyohuyo aliyekabidhiwa kuongoza tume ya uchunguzi ya Novemba 2025. Ingekuwa kheri kwa taifa kama ushauri wa tume ya kwanza ungezaa matunda kabla ya kuhitajika tume ya pili.

Pili, ujenzi wa nyumba za askari katika miji mikubwa uwe na bajeti na muda wake maalumu, na vigezo vya kupanda cheo vitangazwe ili kila askari ajue anastahili nini na lini.

Tatu, kiwepo chombo huru, kisichokuwa chini ya Jeshi lenyewe, cha kupokea malalamiko ya wananchi dhidi ya askari, na vilevile ya askari wa chini dhidi ya wakubwa wao. Chombo hicho kitamlinda raia, na kitamlinda askari anayekataa amri ya dhulma.

Nne, kamati za misikiti zisiwaache askari Waislamu kuwa wageni. Mpango wa polisi jamii ulioasisiwa wakati wa Inspekta Jenerali Said Mwema, aliyeshika wadhifa mwaka 2006, ulijengwa juu ya msingi kwamba polisi na raia ni watu wanaojuana. Askari aalikwe katika darsa, atembelewe anapougua, na anapouawa kazini mayatima wake wahesabiwe miongoni mwa mayatima tunaowahudumia. Na akidhulumu, tumwambie ana kwa ana, naye akiwa ni ndugu yetu anayetufahamu.

Ndugu Waislamu, mwenye njaa na mwenye bunduki wakiwa ni mtu mmoja, hapo hakuna aliye salama, si mwenye duka, si machinga, wala si askari mwenyewe. Tumsemee askari katika haki yake, ili tuwe na ulimi wa kumkemea katika dhulma yake.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu wote waliouawa kwa dhulma, wenye sare na wasio na sare, awaongoze waliokabidhiwa amana ya kutulinda, na atujaalie sisi sote tuwe wenye kusimamia haki. Amin.