Bunduki gani inafaa nyumbani Lamu?

Kila risasi zikilia upande wa Hindi au Witu, swali hurudi barazani: ninunue bunduki gani ya kulinda nyumba? Mmoja atasema bastola, ni nyepesi, inakaa chini ya mto. Mwingine atasema ya marisau, haitaki shabaha kali. Najua ushawahi kuliwaza hilo. Hata mimi. Lakini nikikujibu bila kuzunguka: kwa nyumba zetu nyingi, hakuna inayofaa.

Anza na nyumba yenyewe. Ukiwa Mkomani, kuta ni nene, za mawe na chokaa, mlango ni mzito, na kabla mtu hajafika kiwandani apite dakani. Wazee walijenga wakijua wanachofanya. Sasa wewe fyatua risasi humo ndani gizani: inagonga jiwe, inaruka, na waliolala hapo ni mamako na wadogo zako. Ukiwa Mpeketoni kwenye nyumba ya mabati, risasi inapita hadi kwa jirani. Na hiyo iliyo chini ya mto, wa kwanza kuiona ni mtoto. Ukiifungia kwenye sefu, basi mwambie mwizi angoje utafute ufunguo.

Utaniambia, "Si wezi bana, ni Al-Shabaab." Sawa. Kumbuka Mpeketoni, Jumapili usiku, 15 Juni 2014, watu wakitazama Kombe la Dunia. Washambuliaji walikuja kundi zima na silaha za kivita, wakavamia hata kituo cha polisi, wakachoma na kuua kwa saa kadhaa. Usiku uliofuata wakaua tena vijiji vya karibu. Waliokufa walipita 60. IPOA, mamlaka inayochunguza polisi, ilipofuatilia ikakosoa vile polisi walivyochelewa na walivyokosa uongozi. Pandanguo, Julai 2017, walivamia tena kituo cha polisi na askari wakauawa. Kama kituo kizima kililemewa, bastola yako itafanya nini? Watakuua, kisha waende nayo.

Simcheki mtu wa Mpeketoni anayetaka bunduki. Aliyengoja msaada usiku mzima akisikia majirani wakilia ana haki ya kutoamini ahadi. Ila anachodai ni msaada ufike, na bastola haileti huo.

Kuna njia ya sheria, ndiyo. Unaomba cheti kwa Bodi ya Leseni za Silaha, unachunguzwa, unaeleza sababu. Si haki unayozaliwa nayo. Desemba 2018 serikali iliamuru kila raia mwenye bunduki ahakikiwe upya. AK-47 sahau kabisa, raia hapewi.

Njia ya panya ndiyo inayonitia hofu. Mpaka wa Somalia uko karibu, na daima kuna mtu anayejua mtu. Usijaribu. Unajua vizuizi vya barabara ya Lamu–Witu–Garsen, unajua kijana wa huku anavyotazamwa hata akiwa na kitambulisho mkononi. Ukishikwa na chuma kisicho na karatasi, nani atakusikiza ukisema ni ya kulinda mama? Utaitwa gaidi, na msako unaofuata utawapitia rafiki zako wote.

Bunduki inayofaa kwa kijiji cha bara ni ya polisi wa akiba: mtu wa hapo hapo, aliyefunzwa, silaha yake ina nambari na ana mkubwa wa kumuuliza. Wengi wao wanajitolea, kisha tunawategemea kama jeshi. Walipwe, wapewe redio, na kambi zisikae mbali na mashamba yanayochomwa. Hilo ndilo la kupigia kelele, si aina ya bastola.

Nyumbani, tia komeo la chuma, weka taa ya sola nje, jua majirani watano wa kuwapigia simu usiku. Na chifu akiita baraza la usalama, usiwaachie wazee peke yao. Nenda umuulize nani yuko zamu usiku huu, na mtandao ukikatika tutamwitaje.