Silaha zinazorudishwa: tuziangalie kabla ya kupiga makofi

Ndugu wasikilizaji wa Kasongo na Kabambare, leo siwaletei habari, nawaletea mawazo yangu.

Tukisikia Mai-Mai wamerudisha silaha, tunafurahi. Wakubwa wanapiga picha, halafu familia zilizokimbia zinaambiwa: rudini kwenu. Mimi naomba kwanza tuziangalie hizo bunduki zenyewe.

Mara moja nilifika na mikrofoni yangu mahali zilipopangwa juu ya shitingi. Sikusomea uaskari, lakini macho ninayo. Moja mtutu wake umeliwa na kutu. Nyingine kitako kimefungwa kwa mpira wa kinga. Askari mmoja alijaribu kuikoki ya tatu, ikakataa. Nyingi hazikuwa na magazini ya risasi, na zingine zilikuwa za kienyeji, za kuwindia. Kalashnikov ni bunduki ngumu, inavumilia matope na mvua. Ikifika imekufa namna ile, ujue imelala miaka bila mtu wa kuipaka mafuta. Ile inayofanya kazi kila siku kwenye barieri inang'aa pale mkono unaposhika, na mkanda wake umelainika kwa bega. Hizo sikuziona.

Jirani zetu wa Katanga walipitia hayo miaka ya 2000, shirika la PAREC la mchungaji Ngoy Mulunda lilipotoa kinga kwa mtu anayeleta silaha. Sikatai, silaha zilitoka. Lakini ukiweka bei moja kwa kila chuma, mtu ataleta kibovu na kizuri atabaki nacho. Mama anayeuza samaki sokoni anakuelewa mara moja.

Serikali iliunda P-DDRCS mwaka 2021. Wakija kwetu, wasitutangazie tu hesabu ya silaha. Watuambie ngapi zinapiga, ngapi zina magazini, wanaume wangapi wamekuja na bunduki ngapi. Namba ya kila moja iandikwe, na zivunjwe mbele ya watu, wakimbizi wakiwepo. Sisi wa redio pia tuna kosa: tunasoma ile hesabu kama tulivyopewa.

Siku ile mama mmoja aliyekimbia kutoka upande wa Salamabila alinivuta shati. Aliniuliza: "Mwanangu, ile ya yule aliyechukua mbuzi wetu, imo?"

Nilitazama tena juu ya shitingi. Sikumjibu.