Kabla ya kubofya jina la chuo, panda matatu ukakione

Matokeo ya KCSE yakitoka, swali la kwanza nyumbani ni "umepata ngapi?" La pili ni "unaenda chuo gani?" Wachache sana hukuuliza hili la tatu: wewe ni mtu wa aina gani? Na mara nyingi hilo ndilo huamua kama muhula wa pili utakukuta darasani ama umelala kejani ukihesabu misumari ya dari.

Siku hizi wengi wetu tunatafuta jibu kwenye simu. Unajaza maswali mtandaoni, unapewa herufi nne, tuseme INFP ama ESTJ, kisha unaambiwa wewe ni msanii ama kiongozi. Poa, jifurahishe. Lakini ujue kipimo hicho kilianzishwa Marekani na Katharine Briggs na bintiye Isabel Briggs Myers, na hakuna kati yao aliyekuwa mwanasaikolojia. Unaweza kukirudia mwezi ujao upewe herufi nyingine. Usikabidhi miaka minne ya maisha yako kwa kitu kama hicho.

Jichunguze kwa mambo unayoyaona kila siku. Kelele zinakuchangamsha au zinakumaliza nguvu? Unasoma bila kusukumwa, au mpaka mtu akuulize kazi iko wapi? Unaelewa kitu ukikisoma, ama mpaka ukishike?

Ukishajibu, usikimbilie jina la chuo. Angalia bewa. Ukisema "nimeitwa UoN", bado hujatuambia utaishi maisha gani. Bewa kuu la Chuo Kikuu cha Nairobi liko University Way, hatua chache kutoka katikati ya jiji. Honi, siasa za makomredi, na mji mzima unaokuita ukitoka langoni. Kwa mtu mchangamfu, hapo ni nyumbani. Nenda Chiromo, wanakosomea sayansi, karibu na Westlands: chuo ni kilekile, ila kuna miti na utulivu zaidi, na siku nyingi utazimaliza maabarani. Endelea hadi Upper Kabete, kwa wanafunzi wa kilimo na udaktari wa mifugo, ukute mashamba na ng'ombe. Hapo ni chuo kimoja na maisha matatu tofauti kabisa.

Halafu kuna wewe ambaye mhadhara wa saa mbili unakulaza, lakini ukipewa spana na injini ya bodaboda unasahau hata chakula cha mchana. Nyumbani watasema umepata C+, kwa hivyo ni lazima uende yunivasiti. Mimi nakataa. Kabete National Polytechnic, pale Waiyaki Way, ilianza kufunza mafundi mwaka wa 1924. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipata jina hilo mwaka wa 1970. Ufundi si makombo ya walioshindwa kuingia chuo kikuu. Kuna pia PC Kinyanjui, huko Kabiria upande wa Riruta, na katikati ya jiji kuna Technical University of Kenya, Haile Selassie Avenue, ambako unaweza kusomea diploma au digrii. Mtu wa mikono akienda panapomfaa hung'aa. Mpeleke kwenye nadharia tupu uone atakavyofifia, kisha watu waseme ni mvivu.

Najua utaniambia, "Lakini KUCCPS ndiyo huamua." Kweli, alama zako na nafasi zilizopo zina uzito. Ila mtambo huo unapanga kutokana na machaguo uliyoyaweka wewe. Hauna habari kwamba umati unakuchosha. Wala haujui kwamba ulimwachia binamu akujazie fomu pale saiba kwa sababu "anajua mambo". Uhamisho unaweza kuombwa baadaye, sawa, lakini unategemea alama na nafasi. Usiufanye ndio mpango wako wa kwanza.

Utaniambia pia pesa ndizo huamua. Hapo hatubishani. Kama kwenu karo inaruhusu chuo kimoja tu, nenda hicho, lakini nenda ukijijua. Mkimya aliyeitwa bewa kuu atafute kona yake mapema kwenye maktaba ya Jomo Kenyatta Memorial. Asiyejisukuma atafute wenzake wawili wa kusoma nao kabla ya wiki ya tatu, maana katika darasa la watu mia mbili hakuna atakayeona kiti chako kiko wazi. Na deni la HELB halifutiki eti kwa sababu kozi ilikushinda katikati.

Kwa hivyo fanya hivi. Chagua siku ya kawaida, si ile ya maonyesho ambapo kila mtu amevaa tisheti ya chuo na kutabasamu. Beba kitambulisho, askari wa langoni ataulizia. Kama unakaa Kangemi ama Uthiru, matatu za 23 zinakupitisha Waiyaki Way hadi mjini, kwa hivyo unaweza kuona vyuo viwili vitatu kwa siku moja. Kama uko mbali na Nairobi, mpigie simu mtu anayesoma huko. Kaa kantini. Tafuta wanafunzi wa mwaka wa pili uwaulize: mko wangapi darasani? Mhadhiri asipokuja mnafanya nini? Jioni unafika nyumbani saa ngapi, na ukifika una nguvu ya kufungua kitabu?

Kisha usiwaulize wao swali la mwisho, jiulize mwenyewe: Jumatatu ya mvua, foleni imeganda Waiyaki Way na hakuna anayekulazimisha kuamka, mahali hapa ningekuja? Kama jibu ni hapana, tafuta kwingine kabla ya kubofya.