Kimya cha Mwanafunzi si Ridhaa

Neno moja la sokoni limeingia katika vyuo vikuu vyetu, nalo limekaa kitako kana kwamba lilizaliwa humo. Neno lenyewe ni "mteja". Siku hizi mwanafunzi alipaye karo huitwa mteja, masomo yake huitwa huduma, na muhula ukimalizika hupewa fomu atie alama kueleza ameridhika kwa kiasi gani. Langoni nako husimamishwa ubao wa mkataba wa huduma: barua itajibiwa kwa siku kadha, matokeo yatatoka kwa wiki kadha. Wako wanaolisifu jambo hili na wako wanaolichukia. Mimi nasema lina kheri ndani yake na lina hatari, na sisi watu wa Pwani yatupasa tuzijue zote mbili, maana wana wetu ni miongoni mwa wanaojazishwa fomu hizo.

Kwanza tutazame neno limetoka wapi. Hapa Kenya lilipata nguvu baada ya 1998, Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanza kuwasomesha wanafunzi wanaojilipia karo yote, sambamba na wale wanaosaidiwa na serikali. Huko Uingereza karo iliruhusiwa kufika pauni 9,000 kwa mwaka tangu 2012, na sheria ya haki za wanunuzi ya 2015 ikawafunika wanafunzi kama inavyomfunika mnunuzi wa kiatu. Alipaye hudai, hilo halina ajabu.

Mizani ya kupimia huduma nayo ina wenyewe. Wataalamu watatu wa Marekani, Parasuraman, Zeithaml na Berry, walianza kwa kuwachunguza wateja wa mabenki, wa kadi za mkopo na wa mafundi wa kutengeneza vyombo. Kufikia 1988 walikuwa wametunga kipimo walichokiita SERVQUAL, chenye maswali 22 yaliyogawanywa mafungu matano. La kwanza ni vitu vya kuonekana kwa macho, kama majengo, vyombo na mavazi ya wahudumu. La pili ni kutegemeka, yaani kutimiza ulichoahidi. La tatu ni wepesi wa kumhudumia mtu. La nne ni ujuzi na adabu ya mhudumu, vinavyomtia mteja imani. La tano ni kumjali mteja yeye kama yeye. Mteja huulizwa alitaraji nini, kisha huulizwa alipata nini, na ile tofauti ndiyo upungufu wa huduma. Mwaka 1992 Cronin na Taylor walibisha, wakasema yatosha kuuliza alichopata tu. Ubishi huo haujesha hadi leo, lakini kipimo chenyewe kimekwenda mahospitalini, mahotelini, na sasa kimo madarasani.

Wazee wetu hawakuhitaji maswali 22 kuyajua haya. Mwenye duka wa mtaani alijua kwamba biashara haigombi. Na juu ya lile fungu la kwanza, la majengo na mapambo, tulikwisha ambiwa kuwa nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Chuo kinaweza kupakwa rangi mpya na kutandikwa vigae, na ndani yake mwalimu asionekane wiki tatu.

Basi hatari iko wapi? Iko katika kudhani kwamba maswali yaliyotungwa kwa wateja wa benki za Marekani yatamfaa kila mtu popote alipo. Mwaka 2001 Abdulqawi Othman na Lynn Owen walikichukua kipimo hiki wakakipeleka Kuwait, wakawapime wateja wa benki ya Kiislamu iitwayo Kuwait Finance House. Waliona mafungu matano hayatoshi. Waliongeza la sita wakaliweka mbele ya yote: je, benki inafuata sheria ya Kiislamu, haitoi riba wala haipokei? Hebu tulizingatie hilo. Jambo ambalo mteja Mwislamu hulitanguliza kuliko rangi ya ukuta na tabasamu la karani halikuwamo kabisa katika fomu ya mwanzo. Angeulizwa maswali yale 22 angeyajibu vizuri yote, na lake la moyoni lisiandikwe mahali popote.

Iwapo hivyo ndivyo ilivyo kwa benki, seuze chuo kikuu, ambako kitu kinachotolewa si hundi wala daftari la akiba bali ni akili ya mtu kukuzwa?

Kuna uchunguzi mwingine unaotuhusu zaidi. Mwaka 1998 Donthu na Yoo walitazama wateja wa benki katika nchi mbali mbali, wakaona kwamba watu waliozoea kuwa na umbali mkubwa kati ya mkubwa na mdogo hawatarajii mengi kutoka kwa mhudumu kama wale wasiouzoea umbali huo. Mtu aliyelelewa kumwona mwenye cheo kuwa yuko juu hatarajii kuhudumiwa upesi, na asipotaraji hakasiriki. Kipimo cha "umbali" huo walikiazima kwa Mholanzi Geert Hofstede, aliyekusanya majibu ya wafanyakazi wa kampuni ya IBM wa nchi nyingi na kuyachapisha katika kitabu mwaka 1980. Katika hesabu zake Uingereza ina 35, Marekani 40, na Afrika Mashariki 64. Lakini "Afrika Mashariki" yake ni Kenya, Tanzania, Ethiopia na Zambia zilizotiwa kapu moja, na waliojibu ni watu wa kampuni moja ya mitambo ya hesabu. Mvuvi wa Faza na mkulima wa nyanda za Ethiopia hawakuulizwa kitu. Kwa hivyo tusiishike hesabu ile kama msahafu. Maana yake tu ndiyo tuishike: kwamba kuna watu hunyamaza, na kunyamaza kwao si kuridhika.

Hapo ndipo penye jambo langu. Katika fikihi yetu, mwanamwali akiulizwa juu ya posa akanyamaza, kimya chake huhesabiwa ridhaa, kwa kuwa haya humzuia kusema. Naona vyuo vikuu vimeichukua hukumu hiyo ya mwari vikaitumia kwa wanafunzi wote! Kijana wa Siyu au wa Vanga aliyefunzwa tangu utotoni kutomkata mwalimu kauli, hukaa nyuma ya ukumbi wenye watu mia tatu, asifahamu somo, asinyoshe mkono, asende ofisini kuuliza. Muhula ukesha hupewa fomu naye hutia alama ya "vyema", maana kumsema mwalimu vibaya kwa maandishi kwake ni utovu wa adabu. Fomu hukusanywa, hesabu hufanywa, na chuo hutangaza kwamba wateja wake wameridhika. Yule kijana ameshindwa mtihani, na karatasi inasema alihudumiwa vizuri.

Asije mtu akasema kosa ni la adabu zetu. Sisi tuliosoma chuoni kabla ya kwenda skuli, na neno "chuo" kwetu lilikuwa la Kurani kabla halijawa la shahada, twajua kwamba adabu haikuwekwa ili kumziba mtoto mdomo. Mwalimu alikaa na kila mwanafunzi peke yake, akamsikiliza aya zake, akamsahihisha matamshi, wala hakumvusha sura mpaka ile ya kwanza iwe imeshika. Aliyekuwa mzito wa kuhifadhi alibaki pale pale, na mwalimu akabaki naye. Kumjali mtu yeye kama yeye, lile fungu la tano la wataalamu, kulikuwa ndiyo njia yenyewe ya kusomesha. Palikuwa na bakora pia, wala simtakii mtoto yeyote irudi. Lakini hapakuwa na mwanafunzi asiyejulikana na mwalimu wake.

Na tukitaka hoja iliyo juu kuliko hizo, tuisome Sura ya Abasa. Ibn Umm Maktum, kipofu, alikuja kutaka kufunzwa wakati Mtume, rehema na amani zimfikie, alipokuwa akizungumza na wakubwa wa Makureshi akitaraji wasilimu. Aya zilishuka kumwelekeza Mtume kwamba yule aliyekuja kwa haja ya elimu ndiye mwenye haki ya kuangaliwa. Sijui somo gani jingine juu ya kufundisha lenye uzito kuliko hilo. Aliyekuja mbio kutaka elimu hapimwi kwa cheo chake, wala kwa macho yake, wala kwa karo aliyotia mfukoni. Hapa ndipo mwanafunzi anapoachana na mteja. Mteja ana haki kwa sababu amelipa. Mwanafunzi ana haki kwa sababu amekuja kujifunza, na haki hiyo haipungui karo inapokuwa haijesha.

Pwani hii imewahi kuona mwalimu aliyefahamu hivyo. Habib Swaleh Jamalilleyl, aliyetoka Visiwa vya Ngazija akaishi Lamu, aliwafungulia darasa watu ambao wakubwa wa mji hawakuwahesabu kuwa wa kusomeshwa elimu ya juu ya dini, wakiwamo waliotoka katika utumwa na wageni wa bara. Katika maulidi aliruhusu matari, watu wakaingia na ngoma walizozizoea, na wako waliomlaumu kwa hilo. Msikiti wa Riyadha na mafunzo yake vikasimama, na mpaka leo wanafunzi hutoka mbali kwenda Lamu. Hakuishusha elimu ili wale watu waifikie. Aliwafungulia mlango uliokuwa umefungwa, kisha akawasomesha elimu ile ile.

Wamarekani wamelifikia jambo hili kwa njia yao. Bibi Gloria Ladson-Billings aliwachunguza walimu wanane wa California waliosifika kwa kuwafaulisha watoto weusi, na mwaka 1995 akayaeleza masharti matatu ya mafundisho yanayoheshimu utamaduni wa mwanafunzi: afaulu masomoni, asiupoteze utamaduni wake, na aweze kuzitambua dhulma za dunia na kuzikabili. Angalieni sharti la kwanza. Ni kufaulu. Utamaduni haukutajwa kuwa kisingizio cha kupewa alama za bure.

Nalisema hili kwa kuwa vyuo vyetu vina mtindo wa kudhani kwamba utamaduni ni siku moja katika mwaka. Siku hiyo huvaliwa kanzu na leso, hupigwa ngoma, huliwa mahamri kwa mbaazi, mgeni wa heshima akatoa hotuba. Kesho yake kipindi hupangwa saa saba ya mchana Ijumaa, na mwanafunzi huambiwa achague baina ya khutba na mtihani mdogo.

Mafundisho yanayomjumuisha kila mtu ni kazi ya kila siku, na mengi yake hayana gharama. Mwalimu wa hesabu anaweza kuanzia mirathi, na hatakuwa amebuni kitu. Al-Khwarizmi wa Baghdad, katika karne ya 9, alipoandika kitabu kilichoipa dunia neno "aljebra", alitenga sehemu kubwa kwa masuala ya wasia na urithi. Mwalimu wa elimu ya bahari anaweza kuanzia bamvua na maji mafu, ambayo mvuvi huyahesabu kwa siku za mwezi. Mwalimu wa mimea pale Kilifi anayo misitu ya kaya za Mijikenda, iliyotiwa katika urithi wa dunia na UNESCO mwaka 2008. Na mwalimu wa biashara anayefundisha ile SERVQUAL aifundishe pamoja na ule mtihani wa Kuwait, maana benki za Kiislamu zimekuwapo nchini humu tangu 2008.

Nimetaja kaya kwa makusudi. Chuo Kikuu cha Pwani na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, vilivyopata hati zao mwaka 2013, si vya Waislamu wala si vya Waswahili peke yao. Hiki cha pili kilianza kama MIOME, taasisi ya kuwafunza Waislamu ufundi, iliyopokea wanafunzi wa mwanzo 1951; kikawa chuo cha watu wote, na hilo ni jema. Mkamba, Mjaluo na Mgiriama wamo ndani yake. Tukidai sisi tujulikane na mwalimu, nao wajulikane vile vile. Mgeni njoo mwenyeji apone.

Alhasili, nadai mambo matatu. Kwanza, fomu zisiwe ndiyo njia pekee ya kuwasikia wanafunzi. Mwalimu awaite wachache wachache, katikati ya muhula, si mwisho, awaulize kwa Kiswahili wamefahamu nini. Pili, ratiba ya mitihani na vipindi ipangwe na mtu anayeijua Ijumaa na anayejua Ramadhani itaangukia mwezi gani. Tatu, ahadi zilizoandikwa langoni zitimizwe. Sura ya Mutaffifina inawaonya wale ambao wakijipimia hutaka kipimo kijae, na wakiwapimia wengine hupunguza. Chuo kinachomfungia mlango mwanafunzi aliyechelewa dakika kumi, na chenyewe kikachelewesha matokeo yake miezi sita, kijipime kwa sura hiyo kabla ya kujipima kwa maswali 22.

Sisi wazazi nasi tuna letu. Tuwafunze watoto kwamba kuuliza mbele ya mwalimu ni katika adabu, na kwamba anayedai haki yake kwa maneno ya heshima hamvunjii mtu heshima. Tukiwaacha wanyamaze, wakubwa wa vyuo watakiandika kimya chao katika ripoti, wakiite sifa.