Goma: nyumba ya bei ya chini, na makuta yanayobaki barabarani

Kila mwisho wa mwezi hapa Goma, chukudu inapita na godoro, meza na masufuria, jamaa nzima nyuma yake kwa mguu. Wanatoka Mabanga ao Majengo, wanaenda Mugunga ao Buhene. Sababu ni moja: huko nyumba ni bei ya chini.

Ni kweli. Lakini wengi wanapima tu ile bei ambayo bayeri anataja.

Mfano, kwa franka hata kama hapa bei inasemwa kwa dola: fundi cherehani mwenye kufanya kazi kwenye soko la Virunga anaona nyumba mbili. Ya Mabanga ni 160.000 kwa mwezi, ya Mugunga 80.000. Anafurahi. Akilipa moto 1.500 kwenda na 1.500 kurudi, siku 26, ni 78.000. Faida yake ni 2.000. Kama bibi yake pia anauza mjini, faida imekwisha, inakuwa deni. Mwenye kutembea kwa mguu anaokoa makuta, ila anatoka giza na kurudi giza, na usalama wa usiku kila mtu anaujua. Kwa yule mwenye kazi Mugunga hapo hapo, hesabu inageuka: huyo asihangaike na Mabanga.

Kisha maji. Mji huu umejengwa juu ya mawe ya volkano, kuchimba kisima ni kazi kubwa sana, maji mengi yanatoka ziwani. Mbali na robine, ni bidoni kwa bidoni. Waulizwe majirani, si komisionere: robine iko wapi, na inatoka mara ngapi kwa juma?

Upande wa Mugunga na Lac Vert kuna pia mazuku, hewa mbaya yenye kutoka ardhini. Ni nzito, inalala kwenye mashimo, zaidi usiku na asubuhi mapema. Nyumba iliyo ndani ya bonde dogo, hata ikiwa nzuri na bei ya bure, wazazi wenye watoto waiache. Kuhusu volkano, bayeri akisema "hapa moto haufiki", asiaminiwe haraka: tarehe 22 mwezi wa tano 2021 lava ilisimama Buhene, lakini mwaka 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ziwani.

Kukosea nyumba kunauma zaidi sasa kwa sababu ya garanti. Sheria ya 2015 inasema isipite miezi tatu kwa nyumba ya kukaa. Wako bayeri wanaoomba zaidi, na tangu banki zifunge mlango mwezi wa kwanza 2025, kukusanya hata hiyo tatu ni mateso. Ikishatolewa, kuirudisha ni safari nyingine.

Kwa hiyo, kabla ya kuhesabu garanti mikononi mwa mtu, bora kwenda kwenye ile kartye saa kumi na mbili asubuhi, siku ya kazi, na kutoka pale kwa mguu mpaka kazini, saa ikiwa mkononi.