Tuwatafute watunzi kabla disketi hazijaoza

Mwalimu wa Nakuru au Njoro atakaye kuwagawia wanafunzi wake mchezo wa zamani wa kompyuta hana budi kuuliza kwanza: mwenyewe ni nani? Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huihesabu programu ya kompyuta kuwa kazi ya maandishi, ikalindwa hadi miaka 50 baada ya kufa mtunzi. Disketi haidumu muda huo. Kunakili bila ruhusa ni wizi. Kungoja ni kuipoteza kazi. Njia ni kuomba.

Mwaka 2003 kampuni ya Revolution ya Uingereza iliruhusu mchezo wake wa mwaka 1994, Beneath a Steel Sky, utolewe bure. Wenye haki walikuwapo, wakaridhia. Basi tuwatafute wengine wangali hai, na kibali kiandikwe. Mali bila daftari hupotea bila habari.